Una nusu siku Brussels? Namna ya kuitembea Grand-Place bila kupigwa

Karibu kila mwezi napata meseji ya aina moja. Mtu kaja Brussels kwa semina, au anaunganisha ndege, au kaja kumsalimia dada yake, afu ananiuliza "kaka nina masaa manne tu, niende wapi?" Jibu langu siku zote ni lilelile, nenda Grand-Place. Ila nimechoka kurudia maelezo kwa voisi noti, na wengi wakifika pale wanapiga selfi tatu, wanakaa mgahawa wa kwanza wanaouona, wanapigwa bei, wanaondoka wakisema aah majumba ya zamani tu. Kwahiyo nimeamua kuiandika yote, mtu akiniuliza tena namtumia hii.

Kitu kimoja ukiweke kichwani kabla hujafika. Ukiona dhahabu zote zile kwenye kuta utadhani ni ikulu ya mfalme. Sio. Yale majengo ni ya waoka mikate, wenye mabucha, maseremala, wapika bia na mafundi cherehani. Hakuna mfalme aliyewahi kuishi pale, hata kwenye ile nyumba inayoitwa Nyumba ya Mfalme, nayo tutaifikia. Ukiwa na hilo kichwani utaangalia vingine kabisa.

Hatua ya 1: Kufika

Toka uwanja wa ndege wa Zaventem, shuka chini kwenye treni, panda inayopita Brussels Central, ni kama dakika ishirini hivi. Tiketi ya airport ina nyongeza yake kwahiyo usishangae bei ikiwa juu kuliko umbali wenyewe. Ukitua Charleroi hiyo ni habari nyingine, uko mbali na mji, kuna basi linakuleta mpaka stesheni ya Midi.

Sasa hapa ndo watu wanapopotea. Mji una lugha mbili, Kifaransa na Kiholanzi, na kila kitu kina majina mawili. Bruxelles-Midi na Brussel-Zuid ni stesheni moja. Bruxelles-Central na Brussel-Centraal ni moja. Grand-Place na Grote Markt ni uwanja mmoja. Nina binamu yangu alizunguka nusu saa na mvua inamnyeshea anaitafuta Grand-Place na amesimama chini ya kibao kilichoandikwa Grote Markt. Tena hilo jina la Kiholanzi ndo linasema ukweli, maana yake ni Soko Kubwa, na kweli lilikuwa soko, na liliendelea kuwa soko mpaka mwaka 1959.

Toka Central unatembea dakika tano, unateremka mlima. Vaa viatu vya raba. Mawe ya pale yakilowa yanateleza vibaya mno, na Brussels mvua haikupigii hodi.

Hatua ya 2: Ingia kupitia vichochoro, na soma majina

Usikimbilie katikati. Uwanja umezungukwa na nyumba pande zote, hauuoni mpaka umeingia, na njia zenyewe ni nyembamba. Majina ya hizo njia ni orodha ya bidhaa: Rue au Beurre ni mtaa wa siagi, Rue du Marché aux Herbes ni soko la majani na mboga, Rue du Marché aux Poulets ni soko la kuku, kuna Rue des Harengs ambao ni mtaa wa samaki aina ya heringi, na kamoja kembamba kanaitwa Rue Chair et Pain, nyama na mkate. Yani kama mtu angezunguka Kariakoo akaandika vibao kwa kuangalia kinachouzwa kila kona, mtaa wa mitumba, mtaa wa nazi, mtaa wa simu.

Shangazi yangu wa Tanga alipokuja nilimpitisha humo nikimtafsiria, akasimama pale kwenye siagi akauliza "na siagi yenyewe iko wapi?" Nikamwambia shangazi sa hivi wanauza chokoleti na sumaku za friji. Akasikitika kwa kweli.

Hatua ya 3: Simama katikati, simu ibaki mfukoni

Uwanja una kama mita 110 kwa 68, sio mkubwa kama watu wanavyofikiria, unakaribiana na kiwanja cha mpira. Zunguka mwenyewe taratibu mara moja. Ule mnara mrefu ni Hôtel de Ville, na usije ukauliza chumba bei gani, sio hoteli, ni ukumbi wa jiji, meya ana ofisi mle. Unaotazamana nao, wenye rangi ya kiza kiza na nakshi kama lesi, ni Nyumba ya Mfalme. Zilizobaki karibu zote ni za vyama vya mafundi na wafanyabiashara.

Sasa angalia tarehe kwenye kuta. Utaona 1697, 1698, 1699, zote zimebanana hapohapo. Kuna sababu yake. Agosti 1695 jeshi la Ufaransa la mfalme Louis XIV, chini ya Marshali Villeroy, lilipanga mizinga kwenye kilima cha Scheut magharibi ya mji, likaanza kupiga tarehe 13 jioni mpaka tarehe 15. Lengo lilikuwa kuwavuta maadui zao waache kuuzingira mji wa Namur. Zaidi ya nyumba 4,000 zikateketea, nyingi zilikuwa na mbao nyingi kwahiyo moto ukala bila kizuizi. Mnara wa ukumbi wa jiji ndo ulikuwa shabaha, na ndo kitu kilichobaki kimesimama. Na Namur yenyewe ikawaponyoka mwezi uliofuata, kwahiyo theluthi nzima ya mji ilichomwa bure.

Hao mafundi wakajenga upya kwa miaka mitano tu hivi. Fikiria chama cha wauza nyama, mji umekuwa majivu, na wao wanaagiza mchongaji wa mawe. Hivi vyama vilikuwa kama ushirika lakini wenye meno, ndo vilikuwa vinaamua nani anaruhusiwa kuoka mkate mjini, nani afundishwe kazi, na vilikuwa na pesa. Mwaka 1697 jiji likaweka sharti kila mchoro wa ukuta wa mbele upitishwe kwanza kabla ya kujenga, ndo maana leo unaona nyumba hazifanani lakini hazigombani. Sisi wenye kujenga ghorofa la vioo vya bluu pembeni ya msikiti wa miaka mia mbili tungewahi kupata hilo sharti, lakini tuyaache hayo.

Hatua ya 4: Soma nyumba kwa namba

Hii ndo sehemu tamu, ipe muda mrefu kuliko zote. Zamani nyumba hazikuwa na namba, zilikuwa na majina na alama juu ya mlango ili hata asiyejua kusoma afike. Namba zimekuja baadae. Simama ukumbi wa jiji ukiwa kushoto kwako, anza kona ya kulia ya safu iliyo mbele yako uende kushoto.

Namba 1 ni Le Roy d'Espagne, mfalme wa Hispania, ya waoka mikate. Ina kuba juu. Ukiangalia juu ya mlango kuna kichwa cha Mtakatifu Aubert, msimamizi wa waokaji. Sa hivi chini ni baa.

2 na 3 ni La Brouette, toroli lile la kusukuma kwa mkono, ya wauza mafuta ya wanyama. Namba 4 ni Le Sac, gunia, maseremala na watengeneza mapipa walikuwa hapo, na kama ilivyo kwa seremala yeyote kwake mwenyewe wamejaza nakshi mpaka mwisho. Namba 5 La Louve, mbwa mwitu jike, ya wapiga mishale, juu kabisa kuna ndege wa dhahabu anayeinuka kutoka kwenye moto. Ukishajua habari ya 1695 yule ndege hahitaji maelezo.

Namba 6 naipenda kuliko zote. Inaitwa Le Cornet, ilikuwa ya watu wa mashua za mtoni. Inua macho mpaka juu kabisa kwenye paa. Ile sehemu ya juu imejengwa kama tezi la jahazi la kale, ukiliangalia kwa nyuma, na madirisha yake na mikondo yake yote. Mimi nimekulia pwani, nilipita pale miaka miwili bila kuiona mpaka siku moja nimekaa chini kwenye jiwe nafunga kamba ya kiatu nikainua kichwa, nikajikuta nacheka peke yangu. Jahazi lipo juu ya paa na wenyewe wako kilomita kibao kutoka baharini!

Vuka sasa upande wa pili wa ukumbi wa jiji. Kale kanyumba kadogo namba 8 ni L'Étoile, nyota, tutakarudia. Namba 9 ni Le Cygne, bata maji mweupe yuko juu ya mlango, ya wenye mabucha. Karl Marx aliishi Brussels kuanzia 1845 mpaka alipofukuzwa 1848, na chama cha wafanyakazi wa Kijerumani alichokuwa nacho walikuwa wakikutania kwenye hii nyumba. Chama cha wafanyakazi cha Ubelgiji nacho kilizaliwa humohumo 1885. Baadae ikaja kuwa mgahawa wa bei ya kutisha. Wazee wa Ujamaa mtajua wenyewe pa kulia.

Namba 10 ni ya wapika bia, ina mtu wa dhahabu juu ya farasi, na mpaka leo ni ya wapika bia.

Halafu ule ukuta mrefu wa upande wa juu, 13 mpaka 19, unaonekana kama jumba moja la kifahari. Ni nyumba saba tofauti zilizovalishwa koti moja mwaka 1698. Vile vichwa vya mawe kwenye nguzo ni vya watawala wa Brabant, dola la zamani lililokuwa na Brussels ndani yake, ndo maana inaitwa Nyumba ya Watawala wa Brabant.

Mafundi cherehani wapo namba 24 na 25, La Chaloupe d'Or. Pembeni yao, 26 na 27, Le Pigeon, ilikuwa ya wachoraji, na mwandishi Victor Hugo alikaa hapo 1852 alipoikimbia Ufaransa.

Dokezo la picha: safu ya namba 1 mpaka 7 inapigwa na jua asubuhi, ule ukuta wa watawala unapigwa jioni. Ukifanya kinyume utarudi na picha za vivuli.

Hatua ya 5: Ukumbi wa jiji na mnara wake wa pembeni

Ulianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1400, na mnara ulimalizwa 1455 na Jan van Ruysbroeck, una mita 96, juu kabisa kasimama malaika Mikaeli anamkanyaga shetani. Hesabu sasa. Upande wa kushoto wa mnara ni mrefu kuliko wa kulia, yani mlango haupo katikati. Kila mwongoza watalii atakwambia fundi alipogundua kosa lake akapanda juu akajirusha. Uongo mtamu. Upande wa kushoto ulitangulia, mnara mkubwa ukaja baadae, na ule wa kulia walishindwa kuurefusha kwa sababu kulikuwa na mtaa. Mambo ya kiwanja tu, kama kawaida.

Uani kuingia ni bure mlango ukiwa wazi. Kuna chemchemi mbili za mito ya Meuse na Scheldt, na nyota chini kwenye mawe, wanasema ndo kitovu cha mji. Jumamosi unaweza kukuta maharusi wanatoka kuandikishwa ndoa, mara nyingine harusi ya Wakongo, hapo vigelegele vinajaa uwanja mzima na watalii wanasahau kabisa kuangalia majengo.

Hatua ya 6: Nyumba ya Mfalme ambayo si ya mfalme

Wenye Kifaransa wanaiita Maison du Roi, wenye Kiholanzi wanaiita Broodhuis, nyumba ya mkate, kwa sababu zamani pale ndo waokaji walikuwa wanauzia. Mtawala wa Brabant alipokuja kuwa ndo mfalme wa Hispania huyohuyo, jengo lake likapandishwa cheo. Unaloliona sasa lilijengwa upya kati ya 1873 na 1896.

Mbele yake palimwagika damu. Julai 1523 watawa wawili, Hendrik Vos na Jan van den Esschen, walichomwa moto hapo uwanjani kwa kufuata mafundisho ya Luther, wanahesabiwa wafia dini wa kwanza wa Kiprotestanti. Walutheri wa Moshi na Bukoba mkipita, simameni dakika moja. Na Juni 1568 wakuu wawili, Egmont na Horne, wakakatwa vichwa hapohapo kwa amri ya utawala wa Hispania.

Ndani ni makumbusho ya jiji. Jumatatu wanafunga, na Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure. Kama una saa moja na mvua inanyesha, ingia.

Hatua ya 7: Mkono wa Everard

Rudi kwenye kale kanyumba namba 8. Kalibomolewa karne ya 19 kupanua njia, meya Charles Buls akaagiza kajengwe tena, ila chini wakakaacha wazi watu wapite. Humo chini kuna sanamu ya shaba ya mtu kalala, Everard t'Serclaes. Mwaka 1356 aliongoza watu kuwatoa Waflandria, majirani waliokuwa wameuteka mji, na 1388 watu wa bwana wa Gaasbeek wakamvizia wakamkatakata, akafia kwenye hiyo nyumba. Wananchi wakaenda kuibomoa ngome ya Gaasbeek, na inasemwa walibeba kuku wa chakula wengi kiasi kwamba watu wa Brussels mpaka leo wanataniwa walakuku.

Imani ni kwamba ukimpapasa mkono unapata bahati. Sanamu yote ni nyeusi ila mkono, goti na kichwa cha mbwa vinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Nilimwambia shangazi ashike nimpige picha. Akarudisha mikono yote miwili ndani ya mtandio. "Mimi nimshike maiti, tena kafiri, tena kalala? We shika, nikuombee." Nikashika mimi. Bahati naisubiri.

Hatua ya 8: Manneken Pis, haraka haraka

Fuata njia hiyohiyo, dakika tano, utaona kundi la watu wamenyanyua simu. Ni katoto kanakojoa. Sentimita 55 na nusu. Ndo hivyo. Kalitengenezwa 1619 na Jérôme Duquesnoy, haka ka barabarani ni nakala, chenyewe kiko makumbusho niliyokutajia. Kinachochekesha ni nguo, kana suti zaidi ya 1,000 kalizopewa zawadi na nchi na vyama mbalimbali, jumba lake la nguo liko mtaa huohuo jirani, Rue du Chêne. Dakika kumi zinakutosha, ondoka.

Hatua ya 9: Kula, na hapa nisikilize

Usile uwanjani. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilikaa kwenye baraza ya mgahawa mmoja, baridi, nikaagiza chai na kipande cha keki bila kuangalia bei, bili ilipokuja nikaanza kubadilisha kwa shilingi kichwani, nikaacha katikati kwa afya yangu. Unalipia kile kiti na mandhari. Kama unataka kukaa ukaangalia, sawa, kunywa kahawa moja, ila soma bei KWANZA.

Rue des Bouchers, mtaa wa mabucha ulio jirani, ni mzuri kwa macho, lakini kuna vijana mlangoni wanakuvuta kwa Kiingereza na samaki wamepangwa kwenye barafu nje. Pita, tabasamu, usisimame.

Chipsi nunua kwenye kibanda chenye foleni ya wenyeji, wanakaanga mara mbili, mayonesi juu. Wafo lenye mlima wa krimu na stroberi ni la watalii, la Brussels lenyewe ni jepesi, pembe nne, linanyunyiziwa sukari ya unga tu. La Liège, mji mwingine wa Ubelgiji, ni zito, sukari imeungulia ndani, unalila mkononi likiwa la moto. Chokoleti angalia kwenye Galeries Royales Saint-Hubert, ule ushoroba wa paa la vioo uliofunguliwa 1847, hata kama hununui pita uone. Duka la Neuhaus liko humo, ndo wao walioleta pralini mwaka 1912, chokoleti yenye kitu ndani.

Weka na sarafu mfukoni za choo.

Hatua ya 10: Rudi usiku

Hata kama umechoka. Wakiwasha taa zile dhahabu zinakuwa kitu kingine na makundi ya watalii yashapungua, vijana wanakaa chini kwenye mawe na chipsi zao, hakuna gari. Kumbe zamani watu walikuwa wanapaki magari humo ndani kabisa, mpaka yakaja kuondolewa, na 1998 UNESCO wakauweka uwanja kwenye urithi wa dunia.

Kama safari yako unaweza kuipanga mwenyewe, njoo katikati ya Agosti mwaka unaogawanyika kwa mbili. Wanatandika zulia la maua, mita sabini na kitu kwa 24, na ukilipia unapanda roshani ya ukumbi wa jiji kuliona kwa juu. Mwisho wa Juni au mapema Julai kuna Ommegang, maandamano ya farasi na mavazi ya kale ya kukumbuka mapokezi ya mfalme Karolo wa Tano mwaka 1549.

Nyongeza: njaa ya kweli

Ukitaka ugali, sombe (kisamvu) na mtu wa kukuelewa, nenda Matonge, mtaa wa Wakongo na Waafrika wengine. Toka Central panda metro ya 1 au 5 mpaka Arts-Loi, badilisha 2 au 6, shuka Porte de Namur. Au panda mlima kwa miguu, pitia Mont des Arts, geuka nyuma ukifika juu, mnara wa ukumbi wa jiji utauona wote na mji chini yake. Ukitoka kwenye metro unakutana na kiwanja kidogo cha Patrice Lumumba, kimezinduliwa tarehe 30 Juni 2018, siku ya uhuru wa Kongo. Ingia Chaussée de Wavre. Lingala ndo imetawala, lakini ukisema "habari" kwa sauti kwenye saluni yoyote kuna mtu wa Bukavu au Lubumbashi atageuka, na Warundi wapo pia. Atakuita "kaka" au "mama" na Kiswahili chake kitakuwa na Kifaransa ndani, muulize leo nani kapika vizuri. Sikutajii mgahawa kwa sababu wapishi wanahama.